García au Medina: lipi litangulie kwenye cheti cha mtoto?

Mpwa wangu yuko Uhispania na ana mimba ya miezi saba. Mamake ni dada yangu, tumezaliwa Mombasa tumbo moja, babake ni Mhispania na ukoo wake ni Medina. Yeye mwenyewe kaolewa na kijana wa huko huko, ukoo wake García. Juzi kanitumia sauti ya dakika nne WhatsApp, anasema mjomba, mtoto tumwandike García Medina au Medina García, na tafadhali usiniambie yote ni mazuri, mi nataka unichagulie. Nimekaa na hiyo sauti siku tatu nasoma, nauliza, nampigia shemeji usiku, na nimeona niandike hapa nilichopata, manake najua kuna wengine wetu wameolewa au wameoa huko na hii kazi itawafikia.

Kwanza mpango wao ulivyo, kwa asiyejua, manake bila huo utadhani tunabishana juu ya jina la katikati. Kule kila mtu ana majina mawili ya ukoo, na kila mzazi anampa mtoto lile lake la kwanza tu. Lile la pili la mzazi halishuki. Kwa hivyo mtu akiwa García Medina, kwa desturi ya zamani García ni la baba na Medina ni la mama, na yeye akizaa atapitisha García, Medina linaishia kwake. Mwanamke akiolewa habadilishi kitu, anakufa na jina alilozaliwa nalo, na hapo Mswahili hata hashangai kwa sababu kwetu pia binti Salim akiolewa anabaki binti Salim.

Zamani la baba lilitangulia tu, hakuna mjadala. Mwaka 1999 ikatoka sheria kwamba wazazi wakikubaliana wanaweza kutanguliza la mama, lakini wakinyamaza linawekwa la baba. Kuanzia 30 Juni 2017 hata hilo limeondoka: wazazi lazima waseme wenyewe lipi mbele, na wakishindwa kuelewana wanapewa siku tatu, baada ya hapo msajili anaamua yeye kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Na kuna kipengele ambacho mpwa wangu alikuwa hakijui, nacho ndo kizito kuliko vyote: mpangilio mtakaochagua kwa mtoto wa kwanza ndo huo huo kwa wadogo zake wote wa baba na mama hao. Yaani hamchagui jina la mtoto mmoja, mnachagua jina la nyumba.

Haya, García.

Hili ndo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Uhispania. Wanaolibeba kama jina la kwanza la ukoo wanapita milioni 1.4, na wako makumi ya maelfu ambao ni García García, baba García mama García, wala si ndugu. Ukiangalia yale mengine makubwa yanayolifuata, Rodríguez, González, Fernández, López, Martínez, Sánchez, Pérez, utaona yote yanaishia na -ez. Hiyo -ez ni kama bin yetu. Fernández ni mwana wa Fernando, Rodríguez mwana wa Rodrigo, Sánchez mwana wa Sancho. García halina hiyo -ez, na sababu yake mi niliipenda sana: García lilikuwa jina la mtu, jina la kuitwa, kama Ali au Juma. Mwana wa García alikuwa anaitwa Garcés, na huyo Garcés bado yupo kama ukoo mpaka leo, ila García lenyewe likaja kubaki kama ukoo bila kuongezwa kitu.

Ukitaka kuona lilivyokuwa linatumika angalia wafalme wa Pamplona, huko kaskazini kwa Wabaski. Sancho Garcés wa kwanza alitawala kuanzia 905, yaani Sancho mwana wa García. Mwanawe akaitwa García Sánchez, García mwana wa Sancho. Mwanawe huyo akaitwa Sancho Garcés tena, mjukuu García Sánchez tena, halafu Sancho Garcés wa tatu, halafu García Sánchez wa tatu aliyeuawa vitani Atapuerca mwaka 1054. Vizazi sita jina la babu linarudi kwa mjukuu, ni Salim bin Ali, Ali bin Salim, Salim bin Ali, hivyo hivyo kama tunavyofanya kwetu kumrudisha babu. Nilipomsomea dada yangu hiyo orodha kwenye simu alisema hawa wangeelewana na baba yetu.

Maana yake sasa. Hapa kuna maelezo mawili na yote yanaenda kwenye Kibaski, ile lugha ya kaskazini isiyo na undugu na Kihispania wala na lugha nyingine yoyote ya Ulaya. La kwanza linasema limetoka kwenye hartz, yaani dubu. La pili linasema limetoka kwenye gaztea, yaani kijana, barobaro. Wataalamu hawajakubaliana na mimi sina haja ya kumlazimisha mtu upande. Ila kama mpwa wangu anataka kitu cha kumwambia mtoto akikua, amwambie yote mawili, dubu au kijana, na amwambie kwamba jina lenyewe limeandikwa kwenye karatasi za miaka elfu moja na zaidi. Asichomwambia ni yale maneno ya kwenye vyeti vinavyouzwa. Jamaa mmoja wa upande wa mkwe alilipa duka fulani la intaneti akaletewa karatasi yenye ngao na simba, ati nembo ya ukoo wa García. Nembo za namna hiyo walikuwa wanapewa watu fulani na wazao wao, hazigawiwi jina. Watu milioni na zaidi wenye koo zisizohusiana hawawezi kuwa na ngao moja, pesa yake imeenda bure.

Medina.

Hili hata mtoto wa madrasa Old Town atakwambia bila kufungua kitabu. Ni madina, mji, Kiarabu. Waislamu waliingia Uhispania mwaka 711 na utawala wao wa mwisho, Granada, ukaanguka 1492, na katika hiyo miaka karibu mia nane wakaacha majina ya mahali kila kona. Ipo Medina del Campo, kule kwenye mkoa wa Valladolid, alikofia malkia Isabel mwaka 1504. Ipo Medina Sidonia karibu na Cádiz. Ipo Medina de Rioseco, Medina de Pomar, ipo Medinaceli. Na karibu na Córdoba yapo magofu ya Medina Azahara, mji wa khalifa Abd al-Rahman wa tatu ulioanza kujengwa 936, ambao tangu 2018 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Jina la ukoo Medina linatoka kwenye hiyo miji. Mtu anahama kutoka Medina anaenda kuishi mji mwingine, watu wa kule wanamwita fulani de Medina, fulani wa Medina, baada ya vizazi "de" inadondoka na jina linabaki. Ni kama kwetu mtu akiitwa Mngazija au Mpemba kwa kuwa wazee walikuja kutoka huko.

Na hapa ndo nataka kusimama kidogo, kwa sababu mpwa wangu kwenye ile sauti alisema "mjomba si Medina ni la Waislamu, si lina damu yetu kidogo?" Mwanangu, hapana. Jina la mji ni la Kiarabu, mtu aliyebeba jina la mji anaweza kuwa yeyote. Walikuwepo akina Medina Wakristo, kama Pedro de Medina ambaye mwaka 1545 alitoa kitabu cha kufundisha manahodha kusoma nyota na kupima safari. Walikuwepo akina Medina Wayahudi, kama rabi Samuel de Medina aliyezaliwa 1505 na kuwa mwanachuoni mkubwa wa Wayahudi wa Thessaloniki, mji uliojaa Wayahudi waliofukuzwa Uhispania mwaka ule ule wa 1492. Na Solomon de Medina, Myahudi pia, alipewa cheo cha heshima cha Sir na mfalme wa Uingereza mwaka 1700. Kwa hiyo jina peke yake halikwambii dini ya babu wa shemeji yangu wala damu yake, linakwambia mahali tu. Kwa hiyo Medina lisitangulizwe kwa hadithi ya damu, hadithi hiyo haina miguu. Lina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo.

Sababu yenyewe ni masikio yetu. Kihispania na Kiswahili vimekunywa kisima kimoja, kila moja kwa njia yake. Meya wao wanamwita alcalde, ni kadhi wetu huyo, al-qadi. Alcázar yao ni kasri yetu. Yupo mtu ukoo wake Alcántara, kutoka mji wenye daraja kubwa la Warumi, na wazee wetu wa pwani walikuwa wanaliita daraja kantara. Sasa bibi yake mtoto akisikia "Medina" kwenye simu haulizi mara mbili, huku Afrika Mashariki tuna mabinti wangapi wanaitwa Madina. García atalijifunza, ndiyo, kama alivyojifunza vingine vingi tangu aolewe, lakini Medina alilijua kabla hajamjua mume.

Tukiyaweka ubavu kwa ubavu kwenye mambo ya kila siku:

Kutamka. Yote mawili mkazo wake uko pale pale tunapouweka sisi, silabi ya pili kutoka mwisho, Me-DI-na, Gar-CI-a. Medina linasomwa lilivyoandikwa, kwisha. García lina mambo, ile c Madrid na kaskazini wanaitamka kama th ya thelathini, sehemu kubwa ya kusini na Amerika ya Kilatini yote wanasema s. Mkwe wetu mwenyewe ni wa s, mamake ni wa th. Nairobi mtu atasoma "Gasha" au "Gakia", nimeshasikia yote.

Kuandika. Ile alama juu ya í ni sehemu ya jina, ila kompyuta nyingi za nje haziijui na ile mistari miwili ya chini kwenye pasipoti inayosomwa na mashine haina alama za namna hiyo, majina yanaandikwa kwa herufi A mpaka Z tu. Kwa hivyo García ana Garcia wa kivuli kwenye makaratasi. Medina halipungui kitu popote.

Kujulikana. Hapa García linaumia. Mkwe wetu jina lake la kwanza ni la kawaida sana na la ukoo ndo hilo, na kliniki moja kule iliwahi kumpa majibu ya damu ya mtu mwingine wa jina hilo hilo, akakaa siku mbili anafikiri ana ugonjwa asio nao. Hili Wahispania wenyewe wanalijua miaka mingi, ndo maana mtu mwenye la kwanza la kawaida wanamwita kwa la pili. Mshairi wao Federico García Lorca dunia nzima inamwita Lorca, hilo ni la mamake. Pablo Ruiz Picasso, mzaliwa wa Málaga 1881, Picasso ni la mamake pia. Yule aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 2004 mpaka 2011, José Luis Rodríguez Zapatero, wote wanasema Zapatero. Yaani mtoto akiandikwa García Medina kuna uwezekano mkubwa shuleni waishie kumwita Medina hata hivyo, García likabaki la kwenye cheti.

Ila angalia jambo lingine ambalo mpwa wangu aliyeishi huko huko hawezi kulifikiria haraka. Nje ya Uhispania mambo yanageuka. Kenya, Uingereza, Marekani, karani anachukua neno la mwisho ndo ukoo na yaliyobaki anayasukumia kwenye majina ya katikati. García Medina akija Mombasa ni Medina. Medina García akija Mombasa ni García. Nimeliwaza hili usiku mzima manake linavuta upande wa pili kabisa: ukitaka sisi huku tumwite Medina, basi litangulie García! Lakini mtoto atakaa wapi? Atasoma kule, atapata kazi kule, huku atakuja likizo, na akija likizo sisi tutamwita kwa jina lake tu wala hatumwiti kwa ukoo. Kwa makaratasi ya nje, dawa niliyoambiwa na shemeji ni kujaza yote mawili kwenye kisanduku cha ukoo kila mara, bila kuruka, kuanzia cheti cha kwanza mpaka tiketi ya ndege.

Kurithi. Hapa ndo roho yangu ilipo. Linalokaa mbele linashuka, linalokaa nyuma lina kizazi kimoja tu. García Uhispania haliwezi kuisha, hata mtoto huyu asipolibeba mbele, hata wadogo zake wasilibebe, kesho asubuhi kuna García wapya wamezaliwa kila mji. Medina nalo halitaisha nchini, ni jina kubwa, ila Medina ya shemeji yangu ndo inaishia hapa, yeye ana mabinti watupu watatu na wawili wameshasema hawana mpango wa kuzaa. Wakati García wa mkwe wana kaka wanne na watoto wa kiume tayari.

Na lipo jina la tatu ambalo halipo kwenye swali. Mpwa wangu la pili lake ni la babetu, dada yangu aliandikisha jina la baba kama ukoo wake na likaingia kwenye cheti cha binti. Hilo kwa mtoto huyu halifiki. Sheria inampa mama nafasi ya kupitisha moja tu, lile lake la mbele. Njia ilikuwepo, mtu mzima anaweza kuomba majina yake yageuzwe, la nyuma lije mbele, halafu ndo apitishe hilo. Nilimwambia. Akanyamaza kidogo akasema mjomba, nikifanya hivyo namtoa baba. Nami nikamwambia basi tusiongee tena, umejibu vizuri. Sisi wenyewe huku jina la babu linadondoka kila vizazi vitatu na hakuna anayelia, kwa sababu nasaba tumeiweka kichwani, mtoto anafundishwa fulani bin fulani bin fulani mpaka saba. Hilo mtoto atafundishwa na bibi yake, halihitaji msajili.

Kwa hiyo nimechagua, kama nilivyoambiwa nichague: Medina García. Mtoto alielewe la mbele kwamba ni mji, mji wowote ule waliotoka wazee wa babu yake wa Kihispania, na neno lenyewe bibi yake wa Mombasa analijua. Na la nyuma alielewe kwamba ni la wafalme wa Pamplona na huenda ni dubu. Akikua akaona mjomba wa mama alikosea, sheria inamruhusu kuomba ageuze.

Kama ungeniuliza kwa nyumba nyingine ningejibu vingine. Ingekuwa García ndo ya mtoto pekee wa kiume na Medina ina kaka watano, ningesema García mbele na hiyo shida ya kufanana na watu wazibe kwa jina la kwanza lisilo la kawaida. Ingekuwa familia inahamia Nairobi au London moja kwa moja ningesema pia García Medina, kwa ile sababu ya karani na neno la mwisho. Na ingekuwa mmoja wenu anaumia moyoni jina lake likikaa nyuma, huyo asikilizwe kwanza kabla ya hizi sababu zangu zote.

Hilo la mwisho nimemwambia mpwa wangu alishughulikie sasa hivi, asingoje. Mkwe hana neno, alishasema yeye yuko tayari kwa lolote. Ila babake, mzee García, ana miaka sabini na ushee na alikulia wakati la baba lilikuwa linatangulia bila kuulizwa, na huyu ni mjukuu kutoka kwa mwanawe mkubwa. Asije akalijua jambo hili kwa kusoma cheti. Aende mwanawe mwenyewe, si kwa simu, aende akae naye amweleze. Amwambie na ile hesabu ya kaka wanne na mabinti watatu, mzee ataielewa.

Na wafanye mapema, manake hospitali kule fomu inajazwa na kutumwa ndani ya masaa 72 tangu mtoto azaliwe. Ukikosa hapo unaenda mwenyewe kwa msajili ndani ya siku kumi. Masaa 72 ya mzazi mpya si masaa ya kukaa kikao cha ukoo.

Dada yangu ameshakata tiketi ya mwezi ujao. Nimempa karatasi ana kwa ana, nimeandika kwa mkono majina saba kwenda juu, kuanzia baba yetu, akaibandike kwenye kitanda cha mtoto.